Faili Asilia ni Amana, Msilifute

Katika studio za Mabibo, kuanzia vibanda vilivyo jirani na Hosteli ya Chuo Kikuu hadi vile vya Mahakama ya Ndizi na External, kuna fundisho ambalo kijana anayeanza kazi ya picha hulipokea kabla hata hajazoea uzito wa kamera. Anaambiwa kwamba picha ikishamfikia mteja kwenye WhatsApp, kazi imekwisha. Futa, memori kadi isubiri kazi nyingine. Anaambiwa RAW, yaani faili ghafi kama kamera ilivyolirekodi, ni mambo ya wenye kamera za mamilioni, JPEG inatosha kwa kila kitu, na picha ukishaiediti unaihifadhi palepale ulipoifungulia, juu ya ile ya kwanza, ili simu isijae. Fundisho hili limezoeleka kiasi kwamba anayelipinga huonekana anajikweza.

Mimi nalipinga lote. Wanaolieneza ni watu wa kazi, wanaolipa kodi ya fremu na kununua bando kwa jasho lao, wala siwadharau. Lakini ushauri wao unamtia hasara mpiga picha na unampokonya mteja kitu ambacho hakujua kuwa ni chake. Na anayeumia zaidi ni yule mwenye picha chache. Tajiri wa Masaki akipoteza picha ya familia ataita mpiga picha mwingine wiki ijayo. Mkazi wa Mabibo anaweza kuwa na picha nzuri ya mama yake moja tu, nayo ilipigwa kwenye harusi ya mtu mwingine.

Ninachodai ni hiki: faili lililotoka kwenye kamera lisiguswe. Marekebisho yote yafanyike kando yake. Programu nyingi za leo zimeundwa kufanya kazi hivyo. Haziibadilishi picha yenyewe. Zinaandika orodha ya maelekezo, kwamba ongeza mwanga kiasi hiki, kata pembe hii, punguza unjano, kisha zinayatekeleza pale unapoitazama au unapotoa nakala ya mteja. Fundi cherehani anayeijua kazi yake huchora kwa chaki kwanza, kwa sababu chaki hufutika na mkasi haurudi nyuma. Anayehifadhi marekebisho juu ya faili la kwanza ameanza na mkasi, tena kwenye kitambaa cha mtu.

Sasa tuzipime hoja za upande wa pili, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza, na ndiyo wanayoiegemea zaidi, ni kwamba mteja haoni tofauti. Siku ya kwanza, kwenye kioo cha simu, ni kweli haoni. JPEG iliundwa makusudi ili asione. Kiwango chake kilipitishwa mwaka 1992, na kiini chake ni hesabu iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India, pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao. Picha hugawanywa katika vipande vya pikseli 8 kwa 8. Ndani ya kila kipande hupimwa mabadiliko makubwa ya mwanga na yale madogo madogo, kisha yale madogo ambayo jicho la mwanadamu haliyajali sana hupunguzwa au hutupwa. Taarifa za rangi hupunguzwa zaidi kuliko za mwanga, kwa kuwa jicho ni jepesi kuona tofauti ya mwanga kuliko ya rangi. Ni uvumbuzi mkubwa. Bila huo, picha ya mtoto aliyezaliwa Mabibo asubuhi isingemfikia bibi yake Mbeya kabla ya adhuhuri kwa bando dogo la siku.

Lakini kilichotupwa hakirudi. Kuifungua JPEG na kuitazama hakuipunguzii kitu, na kuinakili kutoka flashi moja kwenda nyingine hakuidhuru. Wanaosema vinginevyo wanatisha watu bure. Madhara huja unapoibadilisha na kuihifadhi upya. Leo umeongeza mwanga, ukahifadhi. Kesho mteja anataka ikatwe pembeni, ukahifadhi. Keshokutwa anataka majina ya maharusi yaandikwe chini, ukahifadhi tena. Kila mara kompyuta inatupa kitu, na inakitupa kutoka kwenye picha ambayo tayari imepungua. Kingo za herufi zinaota ukungu, anga la jioni linagawanyika mistari mistari, ngozi ya shavu inafanya viraka. Mteja ambaye hakuiona tofauti ya kwanza ataiona ya nne, na hatakuwa na namna ya kujua ilianzia wapi.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi kuliko wengi duniani. Bibi harusi wa Dar es Salaam anatoka kanisani saa saba mchana, jua la utosi, gauni jeupe, ngozi nyeusi, na pembeni yake bwana harusi aliyevaa suti nyeusi. Ni vigumu kuitungia kamera mtihani mkali kuliko huo. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila moja ya rangi tatu za msingi, nyekundu, kijani na bluu. Faili la RAW la biti 12 lina ngazi 4,096, na la biti 14 lina ngazi 16,384. Kamera inapotengeneza JPEG, inaamua papo hapo zipi zibaki na zipi ziende, na mara nyingi inalazimika kuchagua kati ya gauni na uso. Ikiliokoa gauni, uso unazama gizani. Jaribu kuunyanyua uso huo kutoka kwenye JPEG: utapata kijivu chenye chembechembe na mabaka. Unyanyue kutoka kwenye RAW: utapata kahawia yenyewe ya ngozi ile, mikunjo ya kope, na mng'ao wa paji la uso ambao ndugu zake wanaujua.

Tangu awali vifaa vya picha havikuundwa kwa kuzifikiria nyuso zetu. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za vipimo zenye sura ya mwanamke mzungu, na ngozi nyeusi ikachukuliwa kama kasoro ya mwanga. Leo kamera imetupatia faili lenye taarifa za kutosha kuuonyesha uso mweusi vizuri hata kwenye jua la utosi, nasi ndio tunaolitupa kwa hiari yetu.

Matokeo yake yamebandikwa kwenye milango ya studio zetu. Mpiga picha aliyekosa taarifa kwenye kivuli anauvuta mwanga hadi uso mzima unapauka, anapitisha kilainisha ngozi hadi vinyweleo na makovu ya utotoni vyote vinatoweka, kisha anahifadhi juu ya ile ya kwanza. Anayetaka kulainishwa na alainishwe. Ni hiari yake, na mapambo ya picha ni ya siku nyingi katika pwani hii. Omar Said Bakor wa Lamu alijipatia jina kwa picha zake za kuunganisha, na hakuna mwenye akili atakayemlaumu kwa ubunifu ule. Ninachokataa ni kumfungia mtu ndani ya pambo. Binti anayependa kuonekana mweupe akiwa na miaka 20 anaweza kuutaka uso wake halisi akiwa na miaka 40, na siku hiyo uso uwepo mahali.

Hoja ya kwamba mteja haoni tofauti inaanguka kabisa siku picha inapohitajika kwa kazi ya pili. Karibu kila picha ya mtu wa kawaida hupata kazi ya pili. Msiba unatokea mtaani. Ndani ya saa chache familia inatafuta picha ya marehemu: ya bango, ya fulana, ya ratiba ya mazishi, na ile ya fremu inayotangulia mbele ya jeneza. Marehemu hakwenda studio akiwa hai kwa ajili ya siku hiyo. Kinachopatikana ni sura yake akiwa amesimama pembeni kwenye picha ya harusi ya mpwa wake, iliyotumwa kwenye kundi la familia.

Tupige hesabu. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000. Ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, upande mrefu hushuka hadi kama pikseli 1,600. Kwenye picha ya watu wengi iliyoshushwa hivyo, uso wa mtu mmoja unaweza kubaki na upana wa pikseli 150. Utanue kwenye bango hadi sentimita 60, na kila pikseli itakuwa mraba wa milimita 4. Hii ndiyo sababu mabango ya misiba yetu yana nyuso kama zimejengwa kwa vigae. Uso uleule kwenye faili asilia ungekuwa na pikseli zaidi ya 560, kila moja kama milimita 1, na waombolezaji waliokaa chini ya turubai wangemwona ndugu yao. Mpiga picha wa harusi ile alikuwa na faili hilo mkononi. Alilifuta Jumatatu ili apate nafasi ya kazi ya Jumamosi.

Nafasi, basi. Hii ndiyo hoja ya pili, na inasemwa kana kwamba hesabu zake zimeshapigwa. Hazijapigwa. Chukua harusi yenye picha 1,000, kila faili la RAW likiwa na MB 25. Jumla ni GB 25. Diski ya nje ya TB 1 inabeba harusi 40 za namna hiyo. Gawa bei ya diski kwa 40, kisha zidisha kwa 2, maana nakala moja haitoshi: diski huanguka, huibiwa, huzama mvua kubwa zinapoingia ndani. Hata hivyo kiasi utakachopata kwa harusi moja hakitafika bei ya sahani moja ya chakula ambacho kamati ya harusi imekilipia ukumbini. Kiandike kwenye ankara. Hakuna kamati itakayovunjika kwa kiasi hicho. Wala silazimishi kila kitu kihifadhiwe: picha iliyotikisika, aliyefumba macho, mgongo wa mhudumu, hizo futa mara moja. Kuchagua ni sehemu ya kazi.

Tena anayetaka kubana nafasi kweli ndiye anayepaswa kuhariri kwa maelekezo. Mwenzangu anayetoa JPEG mpya kwa kila badiliko anajikuta na matoleo manne ya picha moja, ya rangi, ya nyeusi na nyeupe, iliyokatwa, yenye maandishi, na kila toleo lina megabaiti zake. Lightroom huyaweka maelekezo kwenye katalogi yake. Darktable huyaandika kwenye kijifaili cha XMP kinachokaa kando ya picha. Maelekezo ya toleo moja ni kilobaiti chache. Picha ni moja, maelekezo manne, na siku yoyote unaweza kulisoma ulilolifanya na kulirekebisha. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na kijifaili hicho ndicho daftari la mpiga picha.

Hoja ya tatu ni muda. Mteja wa Mabibo anataka picha leo, na akizikosa leo anahama studio. Sawa. Kamera nyingi zenye RAW zina chaguo la kurekodi RAW na JPEG kwa mbofyo mmoja. Mtumie JPEG usiku huohuo, afurahi, aweke kwenye hali yake ya WhatsApp. Kesho ukae na RAW. Na hapo ndipo kazi ya maelekezo inapokuwa ya haraka kuliko ile ya zamani: picha 200 zilizopigwa ndani ya ukumbi mmoja, chini ya taa zilezile za zambarau, unarekebisha moja, unanakili maelekezo yake, unayabandika kwenye 199 zilizobaki, kisha unapita kuangalia zile zinazohitaji mkono wa ziada. Anayefungua moja moja na kuhifadhi juu yake ndiye anayekesha. Na mama wa bibi harusi akisema zambarau imezidi, mwenye maelekezo anasogeza kitufe kimoja. Aliyehifadhi juu ya faili la kwanza anaanza kumweleza mama yule kwamba haiwezekani.

Hoja ya nne ni ile ya unyonge: sisi ni watu wa simu, haya ni ya wenye kompyuta. Naikataa kwa nguvu kuliko zote, kwa sababu inamfungia mlango mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji anayepiga picha za mahafali ya wenzake kwa simu ili apate ada. Snapseed ni bure, na inaorodhesha kila hatua uliyoifanya. Unaweza kuirudia hatua ya pili na kuipunguza bila kuivuruga ya tano. Lightroom ya simu, hata sehemu yake isiyolipiwa, huyaweka marekebisho kama maelekezo. Programu ya picha ya iPhone inairudisha picha asilia kwa kugusa mara chache tu. Galari nyingi za simu nyingine zina chaguo la kuhifadhi kama nakala. Tumia hilo, uache lile la kuhifadhi tu. Kwenye kompyuta, darktable na RawTherapee ni bure, na GIMP, nayo ni bure, tangu toleo la 3.0 la mwaka 2025 inaruhusu vichujio ambavyo unaweza kuvibadilisha baadaye bila kuigusa picha. Hata asiye na programu yoyote kati ya hizo ana njia: nakili faili, hariri nakala, uiache ya kwanza. Hilo halihitaji hela wala cheti.

Fomati ni jambo la kuchagua kwa kazi, na ushabiki hauna nafasi hapo. Hapa upotoshaji mtaani ni mwingi, hivyo nitaeleza wazi. RAW ni ya kupigia na kutunzia, pale kifaa chako kinapoweza. Kama simu inatoa DNG, hiyo ni RAW ambayo Adobe iliiweka wazi kwa watu wote mwaka 2004, na programu nyingi zinaisoma. JPEG ni ya kukabidhi: ya kutuma, ya mtandaoni, ya kuchapisha albamu za kawaida, ikitolewa mara moja tu kutoka kwenye faili asilia kwa ubora wa juu. PNG, iliyotoka mwaka 1996, haitupi kitu inapobana, na inaweza kuwa na mandhari angavu. Ndiyo ya nembo, ya mihuri, ya tangazo lenye maandishi mengi, ya picha ya kioo cha simu. TIFF ni ya kupeleka kwenye kiwanda cha uchapaji kinapoiomba. HEIC, ambayo iPhone imekuwa ikiitumia tangu mwaka 2017, hubana vizuri kuliko JPEG, lakini kompyuta nyingi za steshenari zetu hazitaifungua. Igeuze nakala yake kuwa JPEG kabla hujatoka nyumbani.

Na lile la kwamba picha ikigeuzwa PNG inakuwa na ubora zaidi, ni la kuacha leo. JPEG iliyochoka ikigeuzwa PNG inakuwa PNG iliyochoka, tena nzito. Hakuna fomati inayorudisha kilichotupwa. Wanaomtoza mteja fedha kwa kumgeuzia hivyo wanamtoza kwa kitu ambacho hawakumpa. Anayetaka kutuma picha WhatsApp bila kuipunguza aitume kama hati. Itafika kama ilivyo, pamoja na tarehe na taarifa za kamera ambazo njia ya kawaida huziondoa.

Wenzangu waliosoma zaidi wana hoja nzito, nami sitaikwepa. Wanasema shirika la habari la Reuters lenyewe, mwaka 2015, liliwaambia wapiga picha wake wa kujitegemea wasitume picha zilizotengenezwa kutoka RAW, watume zile ambazo kamera ilizirekodi kama JPEG tangu mwanzo. Ikiwa Reuters imeikataa RAW, sisi ni nani? Jibu ni kwamba Reuters ilikuwa inataka kasi na inataka picha ambayo haijachezewa. Ilidai picha ambayo kamera yenyewe iliirekodi kama JPEG. Hilo haliungi mkono tabia ya kuhifadhi juu ya faili la kwanza. Na pale ukweli wa picha unapobishaniwa, faili asilia ndilo hakimu. Mwaka 2010, shindano la World Press Photo lilimwondolea tuzo mpiga picha Stepan Rudik baada ya waamuzi kulilinganisha faili lake la RAW na picha aliyoishindanisha, wakakuta mguu wa mtu umefutwa.

Hayo hayako mbali na Mabibo. Ajali ya bodaboda, mgogoro wa mpaka wa kiwanja, nyumba iliyobomolewa: picha zake zinaweza kufika mahakamani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapoupima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, iangalie taarifa ilitengenezwaje, ilihifadhiwaje na uhalisi wake ulilindwaje. Picha iliyong'arishwa, ikakatwa, ikapita makundi matatu ya WhatsApp na kupoteza tarehe yake, itasimama pale na nini? Wenye ardhi ndogo na mawakili wachache ndio wanaohitaji ushahidi usio na doa.

Hoja ya mwisho inastahili heshima kuliko zote, nayo ni ya faragha. Mama anasema: picha za singo ya binti yangu, za wanawake bila buibui, sitaki zikae kwenye diski ya kijana wa studio. Ana haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inampa nguvu. Lakini haki yake ni ya kuamua, na kumfutia kimyakimya ni kumnyima uamuzi huo. Mkabidhi mafaili asilia kwenye flashi yake, mbele yake, kisha futa ya kwako kwa makubaliano, na uandike kwamba umefuta. Amana hutunzwa au hurudishwa kwa mwenyewe. Kuitupa jalalani kwa kuwa imejaza kabati hakuna dini wala mila inayokuruhusu.

Nasema amana kwa sababu sina jipya ninalolileta. Enzi za filamu, mteja aliyepeleka picha kusafishwa alirudi na bahasha yenye picha upande mmoja na vipande vya negativu upande wa pili. Hakuna aliyeona kwamba kumpa mteja negativu zake ni anasa. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, na sura za mji ule wa zamani zinaonekana leo katika Mji Mkongwe kwa kuwa kuna waliotunza. Mpiga picha Mohamed Amin wa Kenya aliianzisha kampuni yake ya Camerapix hapahapa Dar es Salaam mwaka 1963, akiwa bado kijana. Alifariki mwaka 1996, na hazina aliyoiacha imewezesha maelfu ya picha zake kuingizwa kwenye mfumo wa kidijitali kwa vizazi ambavyo havikumwona. Wazee hao walikuwa na joto, unyevu, kutu na ukungu wa kupigana navyo. Sisi tuna diski inayoingia mfukoni, halafu tunasema tumeshindwa.

Tusipobadilika, kizazi hiki kitakuwa kimepigwa picha nyingi kuliko chochote kilichopita Mabibo, na kitabaki na chache kuliko kile cha filamu. Vibanda vyetu vinakwenda, barabara zinapanuliwa, nyumba za vyumba sita zinapisha ghorofa. Mtaa unaobadilika kwa kasi hii unahitaji kumbukumbu zinazoweza kukuzwa, kukaguliwa na kuaminiwa.

Kwa hiyo nadai haya, na nayadai kwa majina ya kazi zetu. Mpiga picha: kazi ya Jumamosi hii ipige RAW na JPEG, kabla ya kuhariri chochote, nakili mafaili kwenye diski mbili, hariri kwa maelekezo au kwenye nakala, usiifute kadi kabla ya kuhakikisha kwamba nakala zote mbili zinafunguka. Andika kwenye mkataba mafaili asilia yatatunzwa kwa muda gani na mteja atayapataje. Mwalimu wa vijana studioni: mfundishe mwanafunzi kuhifadhi nakala kabla hujamfundisha kung'arisha uso. Na wewe mteja, usilipe salio kabla ya kuuliza swali moja: faili asilia liko wapi? Studio isiyo na jibu bado haijamaliza kazi uliyoilipia.